Fukusi Hana Jembe: Somo la Kulinda Viazi Vitamu

Somo letu la leo ni la shambani. Tumeliandika kwa sababu ya swali ambalo huulizwa karibu kila mara tunapotembelea vikundi: "Yule mdudu mweusi anayetoboa viazi vitamu, dawa yake ni gani?"

Jibu fupi ni kwamba dawa yake huwezi kuinunua dukani. Unayo tayari: ni jembe lako, ni jicho lako unapochagua marando, na ni mapatano kati yako na jirani yako. Lakini tukisema hivyo tu na kunyamaza, wengi mtafikiri tumewakwepa. Basi na tueleze polepole.

KWA NINI TUNAJALI

Viazi vitamu, au mabwoni kama wengi wetu tunavyoviita huku Magharibi, ni chakula cha asubuhi na chai, ni chakula cha mtoto anayetoka shule, na ni chakula cha mgeni aliyefika ghafla. Mahindi huvunwa kwa mara moja, na mara nyingi gunia linatoka ghalani kwenda kulipa karo. Viazi vitamu vinakaa ardhini. Mama akitaka vya leo anachukua kijiti chenye ncha, anafukua viwili vitatu, anaacha vingine viendelee kunenepa. Ndiyo maana kina mama wengi wanasema hilo shamba dogo la nyuma ya nyumba ni benki yao.

Na benki hiyo inahitajika hasa mahindi yanapopungua au yanaposhindwa. Tunakumbuka mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia Busia, Bungoma, Kakamega na Trans Nzoia, na mahindi mengi yakaliwa yakiwa bado machanga. Nyumba iliyokuwa na kipande cha viazi vitamu ilikuwa na pa kuanzia.

Sasa huyu fukusi ndiye mwizi wa benki. Naye huja na nguvu zake zote wakati wa kiangazi, wakati ule ule ambapo mama anakwenda kutoa akiba yake.

MAMA MMOJA NA VIKAPU VINNE

Tulimtembelea mama mmoja wa kikundi, upande wa Bungoma, mwezi wa Januari. Alikuwa amefukua vikapu vinne. Alipokwisha kuvichagua, kikapu kimoja tu ndicho kilichofaa kupikwa. Vile vingine vilikuwa na matundu madogo madogo, na ukivipasua ndani ni vijia vyeusi vilivyojaa uchafu na harufu mbaya. Watoto wake walikuwa wamekataa kula hata vile vyenye tundu moja tu, wakisema ni vichungu kama dawa ya malaria.

Mama alikuwa amekwisha kujitahidi. Alinunua dawa ya kupulizia kwenye duka moja la pembejeo, akaambiwa ni kali na inaua kila kitu. Alipulizia majani mara tatu. Pesa zilikwenda, majani yakabaki ya kijani na ya kupendeza, na chini viazi vikaendelea kuliwa. Alituambia, "Sasa nimeanza kufikiri udongo wangu umechoka, ama kuna mtu ana jicho baya."

Hatukubishana naye. Tulimwomba panga, tukakata shina moja karibu na udongo, mahali ambapo lilikuwa limevimba. Tulipolipasua kwa urefu, tukapata mabuu meupe mawili ndani. Mama akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa naosha paa la nyumba na mwizi yuko kitandani."

Maneno hayo yana somo zima ndani yake. Tumjue kwanza mwizi mwenyewe.

MDUDU HUYU NI NANI?

Fukusi wa viazi vitamu ni wa jamii ya mende wadogo wenye mabawa magumu na mdomo mrefu. Ni ndugu wa mbali wa fukusi tunayemjua kwenye mahindi ghalani, lakini si yule yule. Huku Afrika Mashariki wako wa aina mbili hasa. Mmoja ni mweusi, urefu wake kama punje ya mchele. Mwingine ni mdogo zaidi na mara nyingi ni wa rangi ya kahawia. Ukimwona kwa haraka unaweza kudhani ni sisimizi. Ukimgusa anajiangusha na kujifanya amekufa. Mchana hupenda kujificha chini ya majani na kwenye nyufa za udongo, na usiku ndipo anapotembea.

Jike hutoboa kijitundu kwenye shina au kwenye kiazi, hutaga yai moja humo, kisha huziba tundu kwa kinyesi chake. Halafu anakwenda kutoboa lingine. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 100 hivi katika maisha yake. Yai likianguliwa hutoka buu jeupe lisilo na miguu. Buu hilo hula likisonga ndani kwa ndani, na hapo ndipo hasara ilipo. Baadaye hutulia humo humo bila kula, hugeuka, na hutoka akiwa fukusi kamili. Kukiwa na joto, safari yote hii huchukua wiki 4 hivi. Kwa hiyo viazi vya miezi minne au mitano vinaweza kulea vizazi vitatu au zaidi. Walioingia wachache wakati wa kupanda watakuwa wengi sana wakati wa kuvuna.

Hapa wasomaji wetu wa Kitale watuelewe. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Kwenye baridi fukusi hukua polepole, ndiyo sababu watu wa huku chini hulia zaidi. Lakini kiangazi kikiwa kirefu na jua likiwa kali, hata Kitale mtamwona. Msijisifu mapema.

Na wale wanaolima viazi vya kawaida, yaani waru, kule miteremko ya Mlima Elgon na Cherangani? Kule Ulaya na Marekani kuna mende mwenye mistari kumi mgongoni anayemaliza majani ya waru. Huyo hatunaye hapa Kenya, na tuombe abaki huko huko. Adui yenu mmoja ni nondo, ambaye mabuu yake hutoboa waru. Huyo naye huingia zaidi kwenye waru walioachwa wazi juu ya udongo. Kwa hiyo yale tutakayosema hapa juu ya kufunika kwa udongo yatawafaa ninyi pia.

KWA NINI DAWA YA KUPULIZIA HAIKUMSAIDIA MAMA

Sasa mnaweza kujibu wenyewe. Dawa ilikaa juu ya majani. Buu alikuwa ndani ya shina na ndani ya kiazi, amefunikwa na udongo. Dawa haimfikii. Labda iliua fukusi wachache waliokuwa wakitembea juu, lakini iliua pia sisimizi na buibui, ambao ni askari wetu wa bure. Na dawa ya sumu kwenye shamba ambalo mama anafukua chakula kila siku mbili ni hatari kwa watoto. Pia majani yenyewe hulishwa ng'ombe na mbuzi. Hasara hapo ni mara mbili.

JAMBO LA KUSHIKA

Shikeni neno hili moja, hata mkisahau mengine: fukusi hana jembe. Hawezi kuchimba. Miguu yake na mdomo wake haviwezi kufukua udongo. Akitaka kufikia kiazi, ni lazima apite mahali palipo wazi, au awe amebebwa na wewe mwenyewe. Kwa hiyo swali la "tumuue kwa nini?" tuliweke pembeni. Tuulize, "Anaingilia wapi?" Sisi tumehesabu milango minne.

Mlango wa kwanza: marando

Marando ni zile kamba za viazi tunazokata na kupanda. Wengi wetu tukikosa za kutosha tunakata yoyote, hata sehemu ngumu ya karibu na mzizi. Huko ndiko fukusi hupenda kutaga. Ukipanda kipande hicho umepanda na mayai pamoja.

Kata ncha za marando, zile laini za mbele, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Chagua kwenye shamba changa lenye afya, si lile ulilokwisha kuvuna. Ukiona majani yamekunjamana au yana mabaka ya manjano, achana nayo, maana huo ni ugonjwa mwingine na hauponi. Ukiona tundu au uvimbe kwenye shina, tupa.

Lakini mtauliza, marando safi yatoke wapi mvua ya Machi ikianza, na kiangazi kimekausha kila kitu? Kuna njia mbili. Ya kwanza mnaijua: kuweka kitalu kidogo karibu na mto, kisima au mahali pa kuogea, penye unyevu, mbali na shamba la viazi. Ya pili ni ya kuhifadhi viazi vidogo kwenye mchanga. Wakati wa kuvuna chagua viazi vidogo visivyo na tundu hata moja. Chukua beseni kuukuu, tandika mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena. Weka ndani ya nyumba mahali pakavu. Kagua kila mwezi na uondoe kilichooza au kilichotobolewa. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vipande kwenye kitalu kilichozungushiwa ua wa kuzuia kuku na mbuzi, ukivinyunyizia maji. Kiazi kimoja kikitunzwa vizuri kinaweza kutoa vipande 40 hivi vya kupanda.

Mlango wa pili: nyufa

Viazi vinaponenepa vinasukuma udongo, na tuta linapasuka. Kiangazi kikija, udongo unakauka na nyufa zinapanuka. Kwako ni ufa tu, lakini kwa fukusi hiyo ni barabara ya lami mpaka mlangoni.

Tengeneza matuta makubwa na marefu kwenda juu, si vile vituta vya haraka. Panda kipande chako theluthi mbili zikiwa ndani ya udongo. Baada ya wiki 4 hivi, unapopalilia, pandishia udongo kwenye shina. Rudia tena viazi vinapoanza kunenepa. Kuanzia hapo pita shambani mara moja kwa wiki, na popote ukiona ufa, ziba kwa jembe au hata kwa mguu. Ni kazi ya nusu saa. Ukiwa na nyasi kavu tandaza, kwa sababu udongo wenye unyevu haupasuki haraka.

Na ule ufukuaji wa kijiti? Wengine wameambiwa ni tabia mbaya, waache kabisa. Sisi hatusemi hivyo. Mama anayefukua kwa kijiti huenda pale penye ufa, kwa sababu ufa unamwonyesha kuwa kiazi kikubwa kiko hapo. Hicho ndicho kiazi ambacho fukusi angekifikia kwanza. Kwa hiyo mama amemtangulia mwizi. Kosa ni moja tu: kuacha shimo wazi. Ukifukua, rudisha udongo, ukandamize, ndipo ubebe kikapu chako. Wafundisheni na watoto mnaowatuma.

Mlango wa tatu: shamba la zamani

Baada ya kuvuna huwa tunaacha viazi vidogo, vilivyooza na mashina. Hayo yote ni nyumba ya fukusi. Wanaendelea kuzaana humo wakingoja upande tena. Ukipanda viazi vitamu mahali pale pale, umewapelekea chakula mezani. Ukipanda hatua kumi kutoka hapo, watatembea.

Kusanya mabaki yote. Yale mashina mazuri mpe ng'ombe. Viazi vilivyotobolewa choma, au zika chini sana kwenye shimo na ushindilie udongo. Usivitupe kando ya shamba wala kwenye lundo la mbolea ukidhani vitaoza na mdudu afe. Hafi, hutoka na kurudi. Ng'oa viazi vinavyojiotea vyenyewe, na yale magugu yanayotambaa yenye maua kama tarumbeta, yanayofanana na maua ya viazi vitamu. Hao ni ndugu, na fukusi hukaa kwao kama nyumbani. Fungulia kuku wapekue. Msimu unaofuata panda maharagwe, mahindi au mtama hapo, na viazi vihamie mbali kadiri shamba lako linavyoruhusu.

Mlango wa nne: kuchelewa

Kila wiki viazi vilivyokomaa vinapokaa ardhini wakati wa kiangazi, fukusi anaongezeka. Benki ni nzuri, lakini benki isiyo na mlinzi haiwekwi pesa miaka. Panda mapema mvua ikianza, ili viazi vikomae udongo ukiwa bado na unyevu. Chagua aina zinazokomaa mapema, na usipande shamba lote siku moja. Panda kipande leo, kingine baada ya mwezi, ili uvune kwa zamu.

Ikiwa vimekomaa vyote na kiangazi kimefika, vuna. Vile usivyoweza kula wala kuuza, osha, kata vipande vyembamba, anika juani mpaka vivunjike vikikunjwa, na uweke kwenye chombo kinachofungwa vizuri. Majirani zetu wa Teso, Uganda, hufanya hivyo tangu zamani na huviita amukeke. Wakati wa njaa huvichemsha pamoja na maharagwe. Chakula hicho ni kizuri, hakuna haja ya kukionea haya.

JUU YA AINA ZA VIAZI

Tumeulizwa pia kama kuna aina ambayo fukusi hawezi kuila. Hakuna aina ambayo hamgusi kabisa. Zile zinazozaa chini zaidi huponea kuliko zile zinazozaa juu juu ya udongo. Kule Uganda, aina iitwayo New Kawogo imeonekana kuwa na dawa yake ya asili kwenye ganda, inayomsumbua fukusi. Watafiti wanaendelea kutafuta.

Wengi wenu mna aina za rangi ya machungwa ndani, kama Kabode na Vitaa, zilizotoka kwa watafiti wa Namulonge, Uganda. Zina vitamini A kwa wingi, nayo hulinda macho na afya ya mtoto. Hapa Bungoma na Busia, mradi wa Mama SASHA, miaka ya mwanzo ya 2010, uliwapa wajawazito waliohudhuria kliniki vocha za kuchukua marando ya viazi hivyo. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi hiyo ya viazi vyenye vitamini, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Ni heshima kubwa kwa kiazi ambacho zamani watu walikiita chakula cha maskini. Lakini tukumbuke: vitamini iliyoliwa na fukusi haimfikii mtoto. Aina hizi nyingi hukomaa kwa miezi minne hivi. Zivuneni kwa wakati.

ONYO LA AFYA

Kiazi kikitobolewa hutengeneza chenyewe sumu chungu ya kujikinga. Uchungu huo huenea mbali na tundu, na kuchemsha hakuuondoi. Kwa hiyo usimlazimishe mtoto kula kiazi kichungu ukisema ni kudeka. Na viazi vilivyotobolewa vikaota ukungu msiwape ng'ombe. Vinaweza kuharibu mapafu yake, akapumua kwa shida na kufa. Choma au zika.

TUNAJIFUNZA PIA KUTOKA MBALI

Kisiwani Cuba, fukusi wa jamii hii aliwasumbua sana wakulima. Walianza na marando safi na usafi wa shamba, kisha wakaongeza mitego yenye harufu ya jike inayonasa madume. Wakaleta pia sisimizi. Waliweka vipande vya migomba vyenye kitu kitamu, sisimizi wakaingia, wakawabeba hivyo hivyo mpaka kwenye shamba la viazi, na sisimizi wakala fukusi na mabuu. Mitego peke yake haitoshi, maana hunasa madume tu, na jike aliyekwisha kupandwa huendelea kutaga. Lakini sisimizi tunao hata sisi. Tusiwaue ovyo kwa dawa.

MAMA NA JIRANI YAKE

Turudi kwa mama yetu wa vikapu vinne. Msimu uliofuata alifuata yote tuliyoyasema. Alikata ncha tu, alihamisha viazi upande mwingine wa shamba, alipandishia udongo mara mbili na kuziba nyufa kila Jumamosi. Alipovuna, upande wa nyumba viazi vilikuwa safi, akauza hata debe mbili sokoni. Lakini mistari mitatu ya mwisho, ile ya mpakani, ilikuwa imetobolewa karibu kama mwaka uliopita.

Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na shamba la mzee mmoja. Viazi vyake vilikuwa havijavunwa zaidi ya mwaka. Mama alikuwa amekasirika. Alisema kwenye kikundi, "Mimi nafagia, yeye anamwaga takataka. Nitampeleka kwa chifu."

Kabla ya kwenda kwa chifu, wanakikundi wanne walikwenda kumsalimu yule mzee. Wakamkuta ni mgonjwa wa miguu. Hakuweza kushika jembe tangu mvua za mwaka ule, na watoto wake wako mjini. Alikuwa akitazama viazi vyake kutoka mlangoni vikiharibika, na kuomba msaada aliona haya. Siku ya pili kikundi kizima kilifika na majembe. Kabla ya saa sita shamba lilikuwa limefukuliwa lote. Viazi vyema havikujaa gunia, lakini vilikuwa vyake, wakamwekea jikoni. Vibovu vikachomwa. Mama mwenyewe ndiye aliyewasha moto.

Tangu hapo walikubaliana, nyumba kumi na moja za upande ule, kwamba kila mwaka kabla ya mwisho wa Januari mashamba yote ya zamani ya viazi yanasafishwa, na asiyeweza anasaidiwa. Hawajammaliza fukusi. Bado wanampata kiazi hapa na pale. Lakini hakuna mama aliyechagua kikapu kimoja kati ya vinne tena.

Hilo ndilo tunalotaka mlibebe nyumbani. Mlango wa kwanza, wa pili na wa nne unaweza kuufunga peke yako. Ule wa tatu, wa shamba la zamani, una mlango mwingine upande wa jirani, na huwezi kuufunga bila kwenda kumpigia hodi.

KAZI YA KIKUNDI

1. Chukueni kiazi kilichotobolewa, mkiweke kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mfunge kwa kitambaa chepesi. Mkitazame kila mkutano. Baada ya wiki chache mtaona fukusi wanatoka ndani. Mkimaliza, chomeni vyote.

2. Chukueni ndoo mbili kuukuu zenye udongo. Katika moja zikeni kiazi kizima mpaka kifunikwe kiganja kimoja, mkandamize. Katika ya pili acheni kichwa cha kiazi wazi. Tieni fukusi kumi katika kila ndoo, mfunike kwa kitambaa. Baada ya wiki tatu fukueni mlinganishe.

3. Tembeleeni mashamba matatu ya wanakikundi. Hesabuni nyufa katika hatua ishirini za tuta. Ni nani ana chache zaidi, na amefanyaje?

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni mlango gani kati ya hii minne ulio wazi zaidi? Kwa nini?

2. Marando ya msimu ujao tutayapata wapi? Nani ana maji karibu na anaweza kutunza kitalu cha kikundi?

3. Je, kuna shamba la zamani karibu nasi ambalo mwenyewe hawezi kulisafisha? Ni lini tutakwenda kumwona?

Tunawatakia kazi njema. Na kesho ukienda kufukua vya chai, mama, usisahau kurudisha udongo.